Msafiri wa Wakati Afikapo Jinja

Michezo ya televisheni inayowarudisha watu katika zama zilizopita hupendwa sana na wanafunzi wetu, wala hatuna nia ya kuwakataza. Twataka tu wajifunze kuipima.

Tuchukue Jinja. John Hanning Speke alifika huko tarehe 28 Julai 1862, akayapa maporomoko jina la Ripon. Mtungaji akimtuma msafiri wake kumlaki Speke, hana budi kutuonyesha maporomoko, si bwawa. Maana bwawa la Owen Falls, liitwalo sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na maporomoko yakazama. Tena asiwasahau wavuvi wa Kisoga na Kiganda waliokuwa miambani wakivua siku hiyo. (Hao hawakungoja kugunduliwa!)

Mbale ni mtihani mgumu zaidi. Mji huo ulianza kukua mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu alipofanya makao yake hapo. Tuseme kijana wa Mbale anarudi nyuma, anamzuia Kakungulu asifike, kisha anarejea na kuikuta nyumba ya wazazi wake vilevile, chai i mezani. Kosa hili ni baya kuliko la mavazi, kwa kuwa lamfundisha mtoto kwamba tukio halizai tukio.

*Doctor Who*, iliyoanza Uingereza mwaka 1963, iliwahi kulikwepa. Katika kisa cha Waazteki cha mwaka 1964, Barbara, mwalimu wa historia, ajaribu kukomesha kafara za binadamu, akashindwa. Kushindwa kwake kwafaa kujadiliwa darasani kipindi kizima.