Msichana wa Tulsa: kile alichokiandika, na kile muji wake ulichomficha

Mwaka 1967, wazee wetu wa Kivu wanaukumbuka juu ya mambo mengine: ni mwaka MPR ilizaliwa, na ni mwaka askari wa kukodiwa wa Schramme walishika Bukavu. Lakini leo, ndugu na dada, twende mbali kidogo, katika muji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani. Mwaka ule ule, msichana wa huko mwenye miaka 18 alitoa kitabu kinachoitwa The Outsiders. Mpaka leo kinasomwa katika kalasi mingi za Marekani, na kimekwisha uzwa nakala zaidi ya milioni 14.

Jina lake ni Susan Eloise Hinton. Kwenye jalada la kitabu utaona S. E. Hinton tu, juu watu wa nyumba ya vitabu waliogopa. Waliona kwamba mwanaume mwenye kuhakiki vitabu gazetini, akijua kama habari hizi za vijana wa kupigana barabarani zimeandikwa na msichana, atakitupa bila kukisoma. Basi wakaficha jina la kike nyuma ya herufi mbili. Dada zetu munaosoma hapa, naona hamuna haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa tuulize: mtoto wa sekondari aliandika kitabu juu ya nini? Tulsa ya miaka ya 1960 iligawanyika. Upande mmoja watoto wa matajiri, wenye magari mazuri na nguo za bei. Upande mwingine watoto wa wafanyakazi, wenye kupaka nywele mafuta na kuvaa koti za ngozi. Kitabuni hawa wa kwanza wanaitwa Socs, na wa pili Greasers. Siku moja rafiki wa Susan alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu, ametoka sinema. Vijana matajiri wakamushambulia na kumupiga, juu tu ya sura yake na nguo zake. Susan alikasirika, akaenda nyumbani, akaanza kuandika. Alikuwa na miaka 15.

Watu wanapenda kusimulia hii habari kama muujiza: mtoto alikaa, kitabu kikatoka. Hapana. Aliandika, akarudilia, akaandika tena, sehemu kubwa akiwa na miaka 16. Wakati ule baba yake alikuwa mgonjwa sana, na akafariki mbele Susan hajamaliza sekondari. Na munajua, mwaka ule aliokuwa anaandika kitabu, somo la kuandika hadithi shuleni alipata D, ni kusema alikaribia kushindwa! Tusicheke mwalimu. Tukumbuke tu kama pointi za karatasi hazipimi kila kitu kilicho ndani ya mtu.

Hadithi yenyewe inasimuliwa na Ponyboy, kijana wa miaka 14. Wazazi wake wamekufa kwa ajali ya gari, analelewa na kaka zake wawili. Mkubwa, Darry, ana miaka 20 tu, ameacha ndoto ya kusoma inivasite ili wadogo wapate kula. Usiku mmoja, Socs wanamukamata Ponyboy na kumuzamisha katika maji ya chemchemi ya bustani. Rafiki yake Johnny, kijana muoga ambaye nyumbani kwao ni fimbo na matusi kila siku, anatoa kisu kumuokoa, na mtoto wa tajiri anakufa. Marafiki wawili wanakimbia, wanajificha katika kanisa bovu lililoachwa. Kisha kanisa linawaka moto, watoto wadogo wako ndani, na wale wawili wanaingia kuwatoa. Johnny anaumia, na baadaye anakufa hospitali. Mwisho wa kitabu, mwalimu anamuomba Ponyboy aandike insha ili asishindwe somo la Kiingereza. Kumbe ile insha ndiyo kitabu chote tumesoma!

Kwa nini ilishangaza watu? Juu mbele yake, vitabu vingi vya vijana viliandikwa na wakubwa waliokwisha kusahau ujana. Msichana anatafuta mvulana wa kumupeleka kwenye dansi, mvulana anashinda mechi, basi. Hinton mwenyewe alilalamika juu ya jambo hili katika New York Times mwaka 1967. Yeye aliandika njaa, ulevi, kipigo cha wazazi, woga, na urafiki unaoshika nafasi ya familia. Ndio maana wazazi na shule fulani walitaka kiondolewe maktabani: eti kina sigara, pombe na visu. Lakini vijana walijiona ndani, na walimu wakakipeleka kalasini.

Mwaka 1980, mtunza maktaba wa shule moja karibu na Fresno, California, pamoja na wanafunzi wake, waliandikia Francis Ford Coppola barua. Walimuomba atoe filimu ya kitabu wanachokipenda, na wanafunzi wakatia sahihi zao. Coppola, yule wa The Godfather, alikubali. Filimu ilipigwa Tulsa penyewe, ikatoka 1983, na ndani yake Tom Cruise alikuwa bado kijana asiyejulikana sana. Barua tu ya mtunza maktaba na wanafunzi wake, bila pesa!

Ningeweza kumalizia hapa, na tungepiga makofi. Lakini hii ni insha ya historia, na historia ina swali lingine.

Muji ule ule wa Tulsa, tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921, kundi la wazungu wenye silaha lilishambulia Greenwood, kartie ya Weusi iliyokuwa na maduka, hoteli, magazeti na madaktari wake. Waliteketeza karibu blok 35 na nyumba zaidi ya elfu moja. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Wanahistoria wengi wanasema inaweza kufika 300. Kisha ikaja kimya. Kwa miaka mingi shule hazikufundisha habari hii. Tume ya jimbo iliundwa 1997 tu, na ripoti yake ikatoka 2001.

Hinton alizaliwa 1948, miaka 27 baada ya ule moto, na alikulia katika muji ule. Kitabu chake kinaonyesha wazi ukuta kati ya tajiri na maskini. Lakini Greasers na Socs wote ni wazungu. Ukuta mwingine, ule wa rangi, hauonekani. Simulaumu mtoto wa miaka 16. Aliandika kwa ukweli mambo aliyoyaona. Lakini jambo ambalo wakubwa wa muji wamelizika pamoja, kijana atalionaje?

Hapo ndipo kitabu hiki kinatugusa, sisi tuliomaliza masomo na nyinyi munaoandika memware. Tunapenda kusema: andika maisha yako, usingoje mtu akuandikie. Ni kweli, Susan ametuonyesha, tena kwa D yake mkononi. Lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kwenda kwa bibi na babu wa kartie yako, kuuliza: hapa palitokea nini mbele ya mimi kuzaliwa? Kwa nini ile nyumba haina watu? Kwa nini mukifika kwenye jina fulani, munanyamaza?

Miji yetu pia iko na Greenwood zake, kila mtu anajua ya kwao. Anayeandika urafiki wa vijana wa Uvira, Goma ao Lubumbashi bila kuuliza maswali hayo, anaweza kutoa kitabu kizuri sana. Akiuliza, atatoa kitabu ambacho wajukuu wake watamushukuru.