Tangu Reli Mpaka Pikipiki: Historia Fupi ya Elimu ya Barabara Nachingwea na Ruangwa

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzangu wameeleza habari za korosho, ufuta na mbaazi: jinsi zilivyopimwa, zilivyouzwa, na jinsi fedha zilivyowafikia wakulima. Mimi nimepewa nafasi ya kueleza habari za chombo kinachobeba sehemu kubwa ya mazao hayo kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, yaani pikipiki, pamoja na mtihani umpasao kila mtu kuufaulu kabla hajaiendesha.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matrekta, na reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea. Mpango huo ulivunjika mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Tangu hapo mazao yetu yakategemea barabara, na mkulima aliyekaa mbali na njia ya lori alibeba mzigo wake kichwani au kwa baiskeli. Yafaa tukumbuke tofauti iliyopo: reli huendeshwa na watu wachache waliofunzwa, lakini barabara hutumiwa na watu wote, aliyefunzwa na asiyefunzwa. Hapo ndipo penye asili ya mtihani wa udereva.

Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, ilianza kuwalazimisha madereva wapya kufanya mtihani tarehe 1 Juni, 1935. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, askari mashuhuri T. E. Lawrence alianguka na pikipiki yake alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa amevaa kofia ngumu, akafa baada ya siku sita. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia, alifuatilia vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha ushahidi kwamba kofia huokoa maisha. Uchunguzi uliokusanywa baadaye kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Basi maswali ya mtihani hayakutungwa ili kumsumbua mtu. Yalitokana na vifo.

Kwetu Tanzania, msingi wa mambo haya ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Biashara ya bodaboda ilikuja baadaye. Jina lake lilizaliwa mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako abiria walivushwa kwa baiskeli. Pikipiki za bei nafuu zilipoenea nchini katika miaka ya 2000, vijana wetu nao waliishika kazi hiyo, na mwaka 2010 Serikali ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Usimamizi wake ulikuwa chini ya SUMATRA, na mwaka 2019 ukahamia LATRA.

Je, mtihani wauliza nini? Kwanza, alama. Pembetatu yenye ukingo mwekundu yaonya. Duara lenye ukingo mwekundu lakataza. Duara la buluu laamuru. Pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini yataka uwapishe wengine, na alama ya pembe nane yataka usimame kabisa, hata kama huoni gari. Pili, kanuni: hupita kushoto, penye kipilefti humpisha atokaye kulia, katika makazi ya watu hauzidi kilomita 50 kwa saa. Anayefaulu mbele ya polisi hupewa cheti, kisha Mamlaka ya Mapato humtolea leseni ya daraja linalomstahili. Daraja A ni la pikipiki kubwa, A1 la pikipiki zisizozidi ukubwa wa sentimita za ujazo 125, na A2 la bajaji.

Lakini kujua jibu ni jambo moja, na kulitumia ni jingine. Anayekwenda kilomita 60 kwa saa hupita kama mita 17 kwa kila sekunde moja, na mwendo ukizidishwa mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kukanyaga breki huzidi mara nne. Juu ya kokoto na mchanga wa njia zetu masafa hayo huwa marefu zaidi, na breki ikikamatwa kwa ghafla gurudumu huteleza. Magunia yaliyopandishwa mno nyuma huinua gurudumu la mbele, hata usukani usitii. Abiria ni mmoja tu, naye pia avae kofia.

Ndugu wanachama, iko desturi mbaya katika msimu wa korosho. Kijana hununuliwa pikipiki, akafunzwa na mwenzake jioni moja kiwanjani, na kesho yake akabeba mama mjamzito kumpeleka zahanati. Leseni iliyopatikana bila mtihani yaweza kumkinga na faini, lakini haimkingi na lori. Akivunjika mguu, nyumba nzima hukosa mpaliliaji na mwokotaji, na fedha ya korosho huishia hospitalini.

Chama kimetufunza kutenga korosho daraja la kwanza na la pili, kwa kuwa asiyejua daraja hupunjika. Elimu ya barabara nayo ni ya namna hiyo hiyo. Kila chama cha msingi na kimwalike askari wa usalama barabarani kabla ghala halijafunguliwa, ili vijana wafunzwe alama, wafanye mtihani kwa haki, na wapate leseni zao. Gunia likianguka njiani huokotwa. Mtoto wetu akianguka, huenda asiinuke tena.