Imani, Tawakali na Fidia: Falsafa ya Kiyahudi na Kumbukumbu ya Gisenyi ya Mwaka 1994

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana tatu za falsafa ya Kiyahudi, yaani imani, tawakali na ukombozi, kwa kuzisoma sambamba na kisa cha Félicité Niyitegeka, aliyeuawa mjini Gisenyi tarehe 21 Aprili 1994. Hoja kuu ni kwamba, katika mapokeo hayo, imani ni uaminifu kabla ya kuwa itikadi, na ukombozi ni wajibu wa mtu kwa mtu kabla ya kuwa ahadi ya mwisho wa nyakati. Msamiati wa Kiswahili, ambao sehemu yake imechotwa katika mizizi ileile ya Kisemiti, unasaidia kuliona jambo hilo kwa uwazi zaidi.

1.0 Utangulizi

Wanyarwanda wana methali isemayo: Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda. Maana yake ni kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, methali hiyo ya faraja iligeuka kuwa swali zito. Ikiwa hapa ndipo nyumbani kwake, usiku ule alilala wapi?

Swali hilo lina uzito wa pekee mjini Gisenyi, ambao leo umo katika Wilaya ya Rubavu. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, umepakana na Goma, na Kiswahili kimekuwa lugha ya soko na mpaka kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1994 mpaka huo ulikuwa tofauti kati ya uhai na kifo. Mtu aliyeweza kuvuka hatua chache aliokoka, na aliyezuiwa kizuizini aliuawa. Huko Nyundo, makao ya jimbo Katoliki lililo jirani, watu waliokimbilia katika majengo ya Kanisa waliuawa humohumo. Kwa hiyo haiwezekani kuizungumzia tawakali mahali hapo kana kwamba kila aliyemtumaini Mungu alinusurika.

Wayahudi wamelikabili swali la namna hii mara nyingi: baada ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa mwaka 70, baada ya kufukuzwa Hispania mwaka 1492, na baada ya Maangamizi ya Wayahudi barani Ulaya katika karne ya 20. Fikra zao zinaletwa hapa kama kioo cha kusomea historia ya karibu. Haidaiwi kwamba Niyitegeka, aliyekuwa Mkatoliki, alizisoma. Kinachodaiwa ni kwamba zinatoa istilahi za kukieleza alichokifanya bila kukipunguza.

2.0 Mzizi wa Neno Imani

Neno la Kiebrania linalofasiriwa kuwa imani ni emuna. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na mzizi wa konsonanti uliozaa emuna ndio uliozaa pia neno la Kiarabu lililoingia katika Kiswahili kama imani. Maneno amini, amana, mwaminifu, amani na amina ni ndugu wa tumbo moja. Mzungumzaji wa Kiswahili anayekabidhi amana kwa mtu mwaminifu, kisha akaitikia amina mwishoni mwa dua, ameuzunguka mzizi huo bila kutambua.

Jambo la kuzingatia ni maana ya asili ya mzizi huo: kuwa imara, kutegemeka, kutotikisika. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, Waisraeli wanapopigana na Waamaleki, Musa anainua mikono yake mpaka inachoka. Haruni na Huri wanaishikilia, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na mikono hiyo inadumu hadi jua linapotua. Neno lililotumiwa kueleza hali ya mikono ile ni emuna. Imani hapa ni mikono isiyoanguka, na haianguki kwa sababu wapo wengine wanaoishikilia.

Mwanafalsafa Saadia Gaon aliandika mjini Baghdad, mnamo mwaka 933, kitabu maarufu cha Kiarabu kuhusu itikadi za Kiyahudi, ambacho kichwa chake kina neno amanat, la mzizi uleule. Saadia alitetea imani iliyopimwa kwa akili. Katika karne ya 20, Martin Buber aliurudia upande mwingine wa neno hilo katika kitabu chake kuhusu aina mbili za imani, kilichochapishwa mwaka 1950. Alitofautisha imani ya kumtegemea mtu fulani na imani ya kukiri kwamba jambo fulani ni kweli. Emuna, kwa maelezo yake, ni ya aina ya kwanza: uhusiano ambamo mtu husimama.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Nchini Rwanda, wengi miongoni mwa waliouawa na wengi miongoni mwa waliowaua walikuwa wamebatizwa katika makanisa yaleyale na walikiri itikadi ileile. Imani kwa maana ya kukiri haikuwatenganisha. Uaminifu ndio uliowatenganisha.

3.0 Tawakali na Mipaka Yake

Mwanafikra aliyeandika kwa kina zaidi kuhusu kumtegemea Mungu ni Bahya ibn Paquda, aliyeishi Hispania katika karne ya 11. Kitabu chake kuhusu wajibu wa moyo, alichokiandika kwa Kiarabu, kina milango kumi, na mlango wa nne unahusu tawakkul, neno ambalo Waswahili wanalifahamu kama tawakali. Katika karne ya 12, Yehuda ibn Tibbon alikifasiri kitabu hicho kwa Kiebrania, na tawakkul ikawa bitahon.

Bahya anasisitiza mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Kwanza, matokeo yote yamo mikononi mwa Mungu, na moyo utulie kwa kulijua hilo. Pili, mja hana ruhusa ya kuacha sababu, yaani kazi na njia za kawaida za kutafuta riziki na usalama. Anayejitia hatarini ovyo kwa madai ya kumtegemea Mungu anastahili lawama. Mafunzo haya yanalingana na hekima ya Waswahili ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Hivyo, kwa Bahya, tawakali si bima. Haimwahidi mtu kwamba atapata anachokitaka. Humwondolea woga unaomzuia kutimiza lililo juu yake.

4.0 Ukombozi kama Fidia

Dhana ya tatu ni ukombozi. Mapokeo ya Kiyahudi yanautarajia ukombozi wa mwisho: Saadia aliuandikia sura nzima, na Maimonides (1138–1204) aliuingiza katika misingi 13 ya imani. Hata hivyo, asili ya dhana hiyo ni ya nyumbani. Kwa mujibu wa Mambo ya Walawi, sura ya 25, mtu akiuza shamba lake au akijiuza mwenyewe kwa umaskini, jamaa yake wa karibu ana haki na wajibu wa kumkomboa. Kukomboa ni kazi ya ndugu.

Kutokana na msingi huo uliibuka wajibu wa pidyon, yaani kuwakomboa mateka. Mzizi wa neno hilo ni nduguye neno fidia la Kiswahili. Maimonides, katika sheria zake kuhusu sadaka, anaiweka kazi hiyo juu ya kuwalisha na kuwavisha maskini. Sababu anayoitoa ni kwamba mateka amekusanya mahitaji yote: ana njaa, ana kiu, yu uchi, na roho yake imo hatarini. Anayefumba macho asimwone amevunja amri nyingi kwa mara moja.

Kiswahili nacho kimehifadhi maana hiyo ya vitendo. Kitu hukombolewa kutoka rehani, na mtu hukombolewa kutoka utumwani. Daima yupo anayelipa, na kipo kinacholipwa. Kinyarwanda kina kitenzi gucungura chenye maana hiyohiyo ya kukomboa, na kutokana nacho Mkombozi huitwa Umucunguzi.

5.0 Kisa cha Félicité Niyitegeka

Félicité Niyitegeka alizaliwa mwaka 1934. Aliwahi kuwa mwalimu, akajitoa kwa utume wa walei katika Kanisa Katoliki, na mwaka 1994 alikuwa akihudumu katika Kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Kwa ukabila ulioandikwa katika vitambulisho vya wakati ule, hakuwa miongoni mwa waliowindwa. Jina lake lenyewe ni ungamo la imani: kwa Kinyarwanda lina maana ya kwamba Mungu ndiye atawalaye.

Mauaji yalipoanza, aliwapokea Watutsi waliokimbilia kituoni, na alisaidia baadhi yao kuvuka mpaka kuingia Goma. Ndugu yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ili ajiokoe. Alimjibu kwa barua kwamba angependa kufa pamoja na watu aliokabidhiwa kuliko kuokoka peke yake. Tarehe 21 Aprili, wanamgambo waliwachukua watu wa kituo hicho na kuwapeleka kwenye makaburi yaliyokuja kujulikana kama Commune Rouge. Alipewa nafasi ya kubaki hai, akaikataa. Aliuawa pamoja nao. Taifa la Rwanda limemweka katika daraja la mashujaa la Imena.

Kwa kipimo cha Bahya, Niyitegeka hakujitia hatarini ovyo. Kwanza alitumia sababu: mpaka, giza, njia za kuwavusha watu. Sababu zilipokwisha, hakutangua amana. Kwa kipimo cha Maimonides, hakufumba macho mbele ya mateka. Na kwa maana ya kale ya emuna, alikuwa mikono isiyoanguka hadi jua lilipotua.

6.0 Swali Lisilojibiwa

Kisa hiki hakijibu swali la methali. Waliovushwa waliishi, na waliobaki walikufa pamoja naye. Baada ya Maangamizi ya Ulaya, wanafalsafa wa Kiyahudi hawakukubaliana pia. Richard Rubenstein, katika kitabu chake cha mwaka 1966, aliona kwamba haiwezekani tena kumwamini Mungu anayeiongoza historia. Eliezer Berkovits, mwaka 1973, aliirudia dhana ya kale ya Mungu kuuficha uso wake, ambako kunampa binadamu nafasi ya kuwa huru, hata huru kutenda maovu. Emil Fackenheim hakutafuta maelezo. Alisisitiza amri: anayenusurika asimpe muuaji ushindi mwingine kwa kukata tamaa.

Kwa walionusurika wa Rubavu, maelezo ya Berkovits yanaweza kusikika kama kumtetea Mungu kwa gharama ya marehemu. Amri ya Fackenheim ina heshima zaidi, kwa sababu haiwatwishi wafu somo lolote. Inawataka walio hai wadumu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba emuna, tawakali na pidyon zinakutana katika jambo moja: kutegemeka. Jambo hilo lina athari kwa lugha inayotumika katika ibada na kumbukumbu za eneo la mpaka. Mhubiri au mwalimu anayesema kwa Kiswahili kwamba imani huokoa, akiwa mbele ya watu ambao ndugu zao waliuawa wakisali, anawaachia shaka kwamba imani ya marehemu ilikuwa haba. Maana pana ya neno lenyewe inaiondoa dhuluma hiyo. Imani ya waliouawa haipimwi kwa kunusurika kwao, na ya Niyitegeka haipimwi kwa idadi ya aliowavusha. Walikabidhiwa kwake, naye hakuwaacha. Kiswahili kinaliita hilo uaminifu, na uaminifu na imani ni neno moja lenye matawi mawili.