Kungoja hukumu katika Beni na Butembo

Tarehe 3 Mei 2021 Raisi Félix Tshisekedi alitia sahihi amri ya kuweka majimbo ya Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya eta de sieje, ndio utawala wa dharura wa askari. Ulianza tarehe 6 ya mwezi uleule. Sababu yake hakuna mtu wa Beni asiyeijua: tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wakiuawa mashambani na vijijini, na waasi wa ADF ndio waliotajwa kwanza. Gavana wa raia akaondoka, Jenerali Constant Ndima akakaa mahali pake. Wengi walifurahi. Tusiwacheke leo: aliyetoka kuzika jamaa zake hana moyo wa kupima vifungu vya sheria.

Lakini, wandugu, katika mambo hayo aliyebadilishwa zaidi si gavana. Ni mwamuzi. Kwa desturi tribinali za askari zinahukumu askari na polisi tu. Kifungu cha 156 cha Katiba ya 2006 kinampa Raisi ruhusa, wakati wa vita ao wa dharura, kuondoa kazi ya tribinali za raia na kuiweka mikononi mwa askari. Ndivyo ilivyofanyika kwa kesi zote za jinai. Aliyeiba mbuzi na aliyempiga jirani yake, wote walikwenda mbele ya mwamuzi mwenye nguo za kiaskari. Waamuzi hao walikuwa wachache; dosie zikawalemea.

Wazee wetu walijua jambo lingine. Zamani za Wabeljiki, amri ya mwaka 1910 iliwapa wakubwa wa serikali uwezo wa kumhamisha Mwafrika waliyemwona hatari kwa utulivu na kumlazimisha kukaa mbali na kwao, bila tribinali yoyote. Hiyo ndiyo relegasio. Baada ya maasi ya Masisi ya 1944, wafuasi wengi wa Kitawala waliionja. Simon Kimbangu, yeye, alihukumiwa mwaka 1921 huko Thysville mbele ya baraza la kiaskari, bila avoka; alikufa kifungoni Elisabethville mwaka 1951.

Relegasio ilisema wazi inachofanya. Amri za 2021 hazikuruhusu mahali popote mtu afungwe bila hukumu. Tena Katiba yenyewe inakataza. Kifungu cha 18 chasema mtu aliyekamatwa asishikwe kupita masaa 48 bila kuachiliwa ao kufikishwa mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 61 chaongeza kwamba haki ya kujitetea haiondolewi hata wakati wa eta de sieje. Basi haki ilibaki katika karatasi, na mwenye kuitimiza akapungukiwa wakati na watu. Kwa mtu aliyelala chini katika chumba kilichojaa, sioni kama tofauti ni kubwa.

Tarehe 11 Novemba 2021 vijana wa Lucha walikamatwa Beni, walipokataa hadharani kuongezwa kwa utawala huo. Kumi na wawili kati yao walihukumiwa na tribinali ya askari tarehe 1 Aprili 2022: miezi 12 kila mmoja. Tangu kukamatwa hadi hukumu ni siku 141. Na hao walikuwa na avoka, na majina yao yalisemwa redioni.

Dharura yenyewe ilikuwa ya siku 30. Kisha Bunge likaiongeza siku 15, na tena 15, miaka ikapita. Tarehe 12 Oktoba 2023 Raisi alitangaza kwamba itapunguzwa polepole, na kesi za raia zirudie tribinali za raia.

Kwa haki lazima tuseme kwamba ugonjwa wa kungoja ulikuwako mbele ya 2021. Waasi waliposhambulia gereza la Kangbayi, Beni, Oktoba 2020, zaidi ya wafungwa 1.300 walitoka. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo: zaidi ya 800. Walitoka pamoja, waliohukumiwa na wasiohukumiwa, na yule ambaye hakuna mwamuzi aliyemsikiliza bado, toka usiku ule akawa mtoro. Wachache wa Kangbayi walirudi wenyewe, wakafungiwa tena.