Steve Albini na Mwangwi wa Chumba

Katika zama ambazo watayarishaji wengi wa muziki wa roki walidai fungu la mirabaha, kana kwamba nyimbo za wenzao ni mirathi yao, Steve Albini wa Chicago, ambaye hata lakabu ya mtayarishaji aliikataa, aliwaandikia vijana wa bendi ya Nirvana mwaka 1992 akitaka alipwe ujira mara moja tu, kama alipwavyo fundi bomba. Ustadi wake ulidhihiri hasa katika ngoma: alitandaza vinasa sauti hata sakafuni, mbali na mpigaji, ili mwangwi wa chumba chenyewe unaswe pamoja na kishindo. Albamu aliyowarekodia Nirvana, In Utero ya 1993, ina sifa zake. Lakini kwa rai yangu Surfer Rosa ya bendi ya Pixies, ya 1988, ambayo pia aliirekodi yeye, ndiyo bora, ijapokuwa yeye mwenyewe aliwahi kuikejeli.