Mgonjwa awa mteja: Carl Rogers na mkabala wa utu katika saikolojia

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, saikolojia ya Marekani ilitawaliwa na mikondo miwili. Wafuasi wa Freud walimwona binadamu kuwa anaendeshwa na matamanio yaliyofichika ndani yake; wafuasi wa mkondo wa tabia walimwona kuwa anafinyangwa na mazingira, kwa tuzo na adhabu. Mikondo hiyo ilipingana katika mengi, lakini yote miwili ilimweka mtaalamu mahali pa mjuzi, na mwenye shida mahali pa kuchunguzwa. Mkabala wa utu ulizaliwa pale mpangilio huo ulipotiwa shaka.

Mmoja wa waliotia shaka hiyo kwa vitendo ni Carl Rogers (1902-1987). Tangu mwaka 1928 alifanya kazi mjini Rochester, katika jimbo la New York, akihudumia watoto waliowashinda wazazi wao. Baadaye alisimulia habari za mama mmoja mwenye mtoto mtukutu. Rogers alikwisha kuamua kwamba chanzo cha utukutu huo ni mama kumkataa mwanawe tangu uchanga, na katika mazungumzo mengi alijaribu kumfahamisha hivyo, asifaulu. Mwishowe walikubaliana kuachana. Mama alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama watu wazima nao hupokelewa. Alipojibiwa kuwa hupokelewa, alirudi kitini akaanza kueleza uchungu wa ndoa yake. Hapo ndipo tiba ilipoanza. Rogers alijifunza kwamba anayeumwa ndiye ajuaye panapouma.

Mwaka 1940 alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na mwaka 1942 akatoa kitabu chake Counseling and Psychotherapy. Humo alimwita mwenye shida mteja, si mgonjwa. Katika Kiswahili badiliko hilo laweza kuonekana dogo, kwa kuwa neno mteja humtaja mnunuzi na vilevile mtu anayetibiwa na mganga. Lakini neno la Kiingereza alilolichagua Rogers lilimtaja mtu amwendeaye mwanasheria: huomba msaada, ila haachi haki ya kuamua mambo yake.

Kitabu hicho pia kilichapisha, neno kwa neno, mazungumzo ya mteja mmoja katika vikao vinane, yaliyorekodiwa kwenye santuri. Kabla ya hapo, yaliyosemwa faraghani yalijulikana hasa kwa masimulizi ya mtaalamu mwenyewe. Sasa hata kosa la mshauri liliweza kuonwa na kila msomaji.

Mwaka 1957 Rogers alitaja masharti ambayo, kwa maoni yake, yalitosha kumbadilisha mtu. Matatu kati yake yalimhusu mshauri: awe mkweli wa nafsi, amkubali mteja bila masharti, na auone ulimwengu kwa macho ya mteja huyo. Mwaka 1961 jarida la mkabala huu lilianza kutoka, Abraham Maslow akiwa miongoni mwa waanzilishi, na mkondo huo ukajulikana kwa jina la nguvu ya tatu.

Jaribio gumu lilifanyika Wisconsin, ambako Rogers alihamia mwaka 1957. Yeye na wenzake waliijaribu tiba yao kwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa hospitalini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1967, hayakuwapa ushindi: kwa jumla, waliotibiwa hivyo hawakupata nafuu kubwa kuliko wasiotibiwa. Ilidhihirika kwamba kusikilizwa peke yake hakuponyi kila ugonjwa.

Mara nyingi mkabala wa utu husifiwa au kubezwa kwa sababu ya imani yake kwamba binadamu ana wema wa asili. Imani hiyo haithibitishwi kwa urahisi. Urithi wake ulio imara zaidi ni mwingine: ulimrudishia mwenye shida neno lake, kisha ukakubali neno la mtaalamu lipimwe hadharani, hata kipimo kilipomwendea kinyume.