Manono: magofu ya bati yenye watu ndani

Kwa watu wa Mavivi, Beni na Butembo, kasiterite ni habari ya Bisie, kule Walikale. Lakini miaka mingi kabla ya Bisie kujulikana, jina kubwa la bati lilikuwa Manono, mbali kusini, katika jimbo la Tanganyika. (Bati hili si lile la kuezekea manyumba, ambalo ni chuma chenye kupakwa zinki. Hili ni madini laini, yanashikisha vyuma vidogo ndani ya simu na kupakwa kwenye mikebe ya vyakula.)

Géomines, kompani ya Wabeleji, ilianzishwa 1910, na uchimbaji Manono ukaanza 1919. Pale porini ukaota mji mzima: manyumba makubwa ya wazungu, kambi za wafanyakazi, kiwanda cha kuyeyusha bati. Umeme ulitoka Piana Mwanga, santrali iliyojengwa miaka ya 1930 kwenye mto Luvua. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, kulikotoka bati nyingi ya dunia, na Congo ikatakiwa kuziba pengo. Mwaka huohuo mukoloni alipandisha kazi ya lazima ya wanakijiji hadi siku 120 kwa mwaka. Hiyo haikuandikwa kwenye ukuta wowote.

Mwaka 1961 Wabalubakat na wanajeshi wa Tshombe walipigania mji huo. Kisha ikaja Zairétain, mitambo ikazeeka, na katika miaka ya 1980 kazi ikasimama. Oktoba 1985 bei ya bati ikaanguka dunia nzima. Hata SOMINKI ya Kivu na Maniema ilipigwa na pigo hilo. Vita ya 1998 hadi 2003 ikamalizia yaliyobaki.

Huko Cornwall, pwani ya Uingereza, minara ya migodi ya bati iliyofungwa imesimama juu ya bahari, na tangu 2006 ni urithi wa dunia. Watalii wanalipa kuiona. Manono haina mlinzi wala tiketi. Kilichozuia manyumba kadhaa yasianguke ni familia kuishi ndani yake: mwenye kulala humo ndiye anayeziba paa. Wachimbaji wa mukono nao wanachekecha upya vilima vyeupe vya mabaki ambavyo kompani iliviona takataka.

Sasa takataka hiyo ina bei. Mwamba uleule wa bati unabeba litiamu, ya betri za magari, na shimo la zamani la Roche Dure ni kati ya akiba kubwa za dunia. AVZ ya Australia na Zijin ya China wamegombania haki ya kuchimba hadi mbele ya waamuzi wa kimataifa. Wenye kulala ndani ya manyumba ya Géomines hawakuitwa kwenye kesi hiyo.